Je, Wajua? Ziwa Tanganyika Ndani ya Kioo

JE, WAJUA kwamba watu wengi wa Ulaya na Marekani wanaofuga samaki wa Kigoma majumbani hutandika matumbawe ya baharini yaliyosagwa chini ya matangi yao? Ziwa letu halina mwamba wa matumbawe hata mmoja, na kutoka Kigoma hadi Bahari ya Hindi ni zaidi ya kilomita 1,200 za reli. Lakini tumbawe ni chokaa. Likikaa kwenye maji laini huyeyuka kidogo kidogo na kuyapa ugumu na alkali, mpaka maji ya bomba ya ugenini yanakaribia kufanana na yale wanayochota akina mama pale Katonga.

Je, wajua kwamba maji ya Ziwa Tanganyika yana alkali kuliko maji ya bahari? Bahari ina pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ya 8.1 hivi. Ziwa hili huwa kati ya 8.6 na 9.2. Ndiyo maana samaki wa mapambo wanaotoka kwenye mito yenye maji laini hawafai kuwekwa tangi moja na wa kwetu, hata muuzaji akikuhakikishia kwamba wataelewana. Ukiwaridhisha hawa kwa maji, wale wanateseka.

Na madini hayo yanatoka wapi? Sehemu kubwa huletwa na mto Rusizi kutoka Ziwa Kivu, kwenye nchi ya volkano. Yakishaingia, hubaki. Mto Lukuga upande wa Kongo hutoa maji, lakini ni kidogo: zaidi ya asilimia 90 ya maji yanayoliacha ziwa hupaa kuwa mvuke, na mvuke haubebi chumvi. Tangi la nyumbani linafuata kanuni hiyohiyo. Maji yakipungua kwa joto la mchana, yale yanayobaki huzidi ukali. Pengo la mvuke lijazwe kwa maji laini, kama ya mvua yaliyokingwa kwenye chombo safi, wala si kwa maji mengine yenye madini. Mfugaji wa matumbawe hufanya kazi hiyo kila siku, maana akiisahau siku chache chumvi inapanda na matumbawe yanajikunyata.

Je, wajua kwamba kutoka juu ya ziwa hadi kwenye kilindi chake cha mita 1,470 joto hupishana kwa nyuzi chache tu? Juu ni kati ya nyuzi 24 na 29, chini kabisa ni 23 na ushei. Bonde la ziwa lina umri wa miaka milioni 9 hadi 12. Samaki wa miambani wamelelewa na maji yasiyo na pupa, na mababu zao vilevile. Kwa hiyo hawajui kuvumilia mshtuko. Hapo ndipo wanapofanana na matumbawe. Tumbawe likikaa majuma kadhaa kwenye maji yaliyozidi kwa nyuzi moja tu joto la kawaida la miezi yake ya joto, huvitoa vijimwani vinavyoishi ndani ya mwili wake na kulilisha, likabaki jeupe na njaa. Mwaka 1998 matumbawe mengi ya pwani ya Tanzania na Kenya yalipauka hivyo, na mengi hayakuamka.

Kwa hiyo kila anayeniuliza siri ya tangi zuri, iwe la matumbawe au la samaki wa Kigoma, humjibu kwa neno moja: utulivu. Si pampu ya bei kubwa, si taa. pH ya 8.4 iliyotulia mwaka mzima ni bora mara nyingi kuliko 9 ya leo inayoshuka hadi 8 kesho kwa sababu mtu amemwaga dawa na kusubiri muujiza. Wanaotaka kuyapandisha maji yao alkali na ugumu hutumia bikaboneti ya sodiamu, ule unga mweupe wa kuokea, pamoja na chumvi ya magnesi, tena kwa vijiko vilivyopimwa na kuyeyushwa nje ya tangi kwanza. Anayeishi Kigoma mjini amepunguziwa kazi hiyo. Maji ya bomba hapa huvutwa ziwani. Kinachotakiwa ni kuyaacha kwenye ndoo wazi usiku mzima klorini itoke.

Je, wajua kwamba alkali hiyohiyo inayowapa samaki hawa uhai ndiyo inayofanya kinyesi chao kuwa sumu kali? Hili watu wengi hawaambiwi, na limeua samaki wengi. Samaki hutoa amonia. Katika maji ya pH 7, yenye joto la nyuzi 25, chini ya asilimia moja ya amonia hiyo huwa katika umbo linalounguza mashavu ya samaki. Katika pH 9, ni kama theluthi yake. Uchafu uleule, chakula kilekile kilichozidi, lakini madhara yanaongezeka makumi ya mara. Samaki wa mtoni angekohoa, wa Tanganyika anakufa. Dalili ni samaki kupanda juu na kuhema haraka huku mashavu yakiwa mekundu. Ukiona hivyo usitafute dawa dukani. Punguza maji kwa robo, weka mengine yenye joto na pH ileile, na usiwape samaki chakula siku hiyo.

Mlinzi wa tangi ni kiumbe usiyemwona. Bakteria wa aina mbili hufanya kazi kwa kupokezana: wa kwanza huigeuza amonia kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, na wa pili huigeuza naitraiti kuwa naitreti, ambayo samaki huvumilia ikiwa haijarundikana. Wanakaa kwenye sifongo ya chujio, kwenye mchanga, kwenye ngozi ya mawe. Kuwakuza huchukua majuma manne hadi sita. Anayenunua tangi asubuhi na kutia samaki jioni anawatia kwenye nyumba isiyo na choo.

Kuosha sifongo ya chujio kwa maji ya bomba ni kuwaua bakteria hao kwa klorini. Ioshe kwenye ndoo ya maji uliyoyatoa tangini.

Umeme ukikatika, bakteria wa kwenye chujio lililofungwa huanza kukosa hewa baada ya saa chache. Pampu ndogo ya hewa ya betri ni chombo cha lazima. Usiku wa giza huwezi kukimbia kuitafuta. Mimi nimewahi kupoteza kundi zima kwa usiku mmoja wa namna hiyo, samaki kumi na sita niliowajua mmoja mmoja kwa mistari yao, na tangu hapo pampu hiyo haitoki mezani.

Je, wajua kwamba Ziwa Tanganyika lina aina zipatazo 240 za siklidi, ukoo wa sato na perege, na kwamba karibu wote hawapatikani mahali pengine popote duniani?

Je, wajua kwamba kuna vijiji vya mwambao wetu vinavyojulikana zaidi kwa wafugaji wa samaki wa Ujerumani na Japani kuliko kwa Watanzania wa mikoa mingine? Samaki hawa huuzwa kwa jina la mahali walikotoka. Kuna frontosa wa Kigoma, yule mwenye mistari saba. Kuna Tropheus duboisi wa Maswa, mwenye mkanda mpana wa manjano. Kuna Tropheus wa Ikola, kuna wa Kipili. Si madoido ya wafanyabiashara. Samaki wa aina ya Tropheus huishi kwenye miamba na huogopa kuvuka mchanga au maji ya kina, kwa hiyo ghuba moja ya mchanga inatosha kuwatenga ndugu kwa maelfu ya miaka hadi rangi zao zikaachana kabisa. Zipo rangi zaidi ya mia. Mfugaji mwaminifu hachanganyi wa Maswa na wa sehemu nyingine, maana watazaana na uzao wao hauna kwao. Na ukichoka kufuga, tafadhali usiwamwage kwenye ufuko ulio karibu nawe kwa kudhani unawarudisha nyumbani. Huenda nyumbani kwao ni kilomita mia na zaidi kutoka hapo.

Duboisi mchanga ni mweusi mwenye vitone vyeupe kama anga la usiku. Akikua, vitone vyote hufutika, kichwa kinakuwa cha buluu, na mkanda mmoja unamzunguka kifuani. Wanunuzi wengi hudhani wamebadilishiwa samaki.

Je, wajua kwamba Tropheus hufa kwa kulishwa vizuri? Nimesema vizuri kwa maana ya mlishaji. Utumbo wake ni mrefu, umejikunjakunja, umeumbwa kwa ajili ya mwani anaoukwangua juu ya jiwe kuanzia alfajiri hadi magharibi. Ukimpa nyama ya ng'ombe, minyoo, au mafuta mengi, utumbo unavimba, anatoa kinyesi cheupe kama uzi, anajitenga pembeni na kukataa chakula. Wafugaji wa Kiingereza huuita ugonjwa huo kwa neno lenye maana ya kuvimbiwa, na ukishaonekana kwa mmoja, mara nyingi umeshaingia kwa wengine. Mpe chakula cha mwani wa spirulina, kidogo kidogo, mara mbili tatu kwa siku. Mwachie pia jiwe lenye ukoga wa kijani. Watu hulisugua jiwe hilo ling'ae, na samaki anabaki hana kazi.

Na asiyekuwa na kazi hupigana. Tropheus watatu kwenye tangi dogo watauana mpaka abaki mmoja. Dawa yake inashangaza: ongeza idadi. Wakiwa kumi na tano au ishirini kwenye tangi la lita 400, hakuna anayeweza kumwandama mmoja peke yake, ugomvi unagawanyika na kupoa. Lakini idadi hiyo inamaanisha kinyesi kingi, na unajua sasa kinyesi katika pH 9 kina maana gani. Badilisha robo ya maji kila juma bila kukosa.

Je, wajua kwamba mama Tropheus hutaga mayai machache mno, mara nyingi kati ya matano na kumi na tano, lakini kila yai lina ukubwa wa milimita sita hivi? Huyaatamia mdomoni karibu mwezi mzima. Kilichowashangaza watafiti ni kwamba katika kipindi hicho mama huendelea kuchukua chakula, akiwalisha vifaranga walio ndani ya kinywa chake. Yeye mwenyewe hukonda.

Siyo kila mama mwenye mashavu yaliyotuna amebeba watoto wake, hata hivyo. Kuna gogogo mmoja mdogo mwenye madoadoa meusi, Synodontis multipunctatus, ambaye hujipenyeza siklidi wanapotaga na kuacha mayai yake hapohapo. Mama huyazoa yote. Vitoto vya gogogo huanguliwa mapema, na humo humo mdomoni hula vifaranga vya mwenye nyumba. Mtafiti Mjapani Tetsu Sato aliieleza dunia habari hii mwaka 1986. Ni samaki wa kwanza kujulikana kuishi kwa desturi ya ndege anayetaga kwenye kiota cha mwenzake.

Je, wajua kwamba kuna samaki ziwani anayekula magamba ya wenzake tu, na mdomo wake umepinda upande mmoja? Perissodus microlepis waliopinda kulia hushambulia ubavu wa kushoto, waliopinda kushoto hushambulia wa kulia. Mwaka 1993 Michio Hori alionyesha kwamba idadi ya pande hizo mbili huyumba lakini daima hurudi nusu kwa nusu. Upande ukizidi, windo linajua pa kujilinda. Huyu usimweke tangini kabisa.

Je, wajua kwamba siklidi mmoja wa hapa anaweza kukaa maisha yake yote ndani ya kombe la konokono? Multifasciatus, mwenye mistari myembamba, ni miongoni mwa siklidi wadogo kuliko wote duniani. Jike halizidi sana urefu wa sentimita tatu. Nyumba zao ni makombe matupu ya Neothauma tanganyicense, konokono wa Ziwa Tanganyika peke yake. Kwa kuwa maji yamejaa chokaa, kombe haliozi. Linaweza kudumu mamia ya miaka chini ya ziwa, likirithiwa na familia hadi familia, na kuna sehemu sakafu yote ni makombe, kitanda juu ya kitanda. Ukiokota gunia la makombe hayo kwa ajili ya pambo, umebomoa mtaa. Wafugaji wa Ufaransa na Ujerumani hutumia makombe ya konokono wa kuliwa, na samaki hawalalamiki.

Kuna ndugu yao, Lamprologus callipterus, ambaye dume hubeba makombe kwa mdomo na kuyarundika ili majike waje kutaga. Lazima awe mkubwa kuweza kulibeba kombe, na jike lazima awe mdogo kuweza kuingia humo. Matokeo yake dume huwa na uzito wa mara kumi na mbili ya jike au zaidi. Ukiwaona pamoja hutawadhani mke na mume.

Neolamprologus brichardi hulea kwa ukoo: kaka na dada wakubwa hubaki nyumbani kufagia mchanga na kulinda mayai ya wazazi. Jina lake ni heshima kwa Pierre Brichard, Mbelgiji aliyekuwa akisafirisha samaki hai kutoka Bujumbura na kuandika vitabu vyao.

Je, wajua kwamba frontosa wa Kigoma hawezi kupandishwa juu kwa siku moja? Huishi kwenye kina cha mita thelathini na zaidi. Mzamiaji akimleta juu haraka, hewa iliyo kwenye kibofu chake hupanuka, tumbo linavimba, macho yanatoka. Kwa hiyo hupandishwa kwa hatua ndani ya kikapu cha nyavu, mita chache, kisha kungoja, mita chache, kisha kungoja, hadi siku kadhaa zipite. Anayemnunua kwa bei kubwa ajue analipia subira hiyo. Tena anaishi zaidi ya miaka 20, kwa hiyo kumnunua ni kama kupanda mwembe. Ziwani huwinda alfajiri, akiwaokota samaki wembamba wa Cyprichromis kabla hawajaamka vizuri. Usiwaweke chumba kimoja.

Kuhe, siklidi mkubwa kuliko wote wa ziwa hili, hukaribia sentimita 80. Hakuna tangi la nyumbani linalomtosha.

Kukamata samaki wa mapambo kwa biashara kunahitaji leseni ya uvuvi. Na matumbawe magumu ya baharini yote yamo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Kuyasafirisha nje bila kibali ni kosa, hata kama umeokota kipande tu ufukweni.

Je, wajua kwamba ziwa letu lina ndugu wa kweli wa matumbawe? Ni konyeza. Wa hapa ana upana wa sentimita mbili hivi, wazi kama kioo, na hamwashi mwogaji. Limnocnida tanganyicae ndilo jina lake. Habari zake zilipofika Ulaya miaka ya 1880, pamoja na za konokono wenye miiba waliofanana na wa baharini, wataalamu walichanganyikiwa. Mwingereza J. E. S. Moore alikuja mara mbili, 1896 na 1899, na mwaka 1903 akatoa kitabu akidai kwamba ziwa hili lilikuwa kipande cha bahari ya kale. Alikosea. Mfanano ule umezaliwa humuhumu, ndani ya maji yaliyokaa kwa muda mrefu mno. Jina la Moore bado linaogelea: Tropheus moorii ni kwa ajili yake. Na watafiti wamekuta kwamba baadhi ya konyeza hawa hubeba ndani ya mwili wao bakteria wanaotumia mwanga wa jua kujitengenezea chakula, jambo linalokumbusha sana bustani ya mwani iliyo ndani ya tumbawe.

Je, wajua kwamba kinachoziba pumzi ya tumbawe ndicho kinachoziba miamba ya Kigoma? Tope. Kilima kikikatwa miti, mvua ya masika huushusha udongo ziwani, unatua juu ya mawe, mwani unafunikwa, nyufa za kuzalia zinajaa. Watafiti waliolinganisha fukwe walikuta aina chache zaidi za viumbe pale penye tope jingi. Panda boti Kibirizi kuelekea Gombe uone kwa macho: milima ya vijiji iko wazi, kisha ghafla msitu unashuka mpaka majini. Na joto nalo limepanda. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walikadiria kwamba uzalishaji wa ziwa ulikuwa umepungua kwa asilimia 20 hivi, kwa kuwa maji ya juu yaliyopata joto hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye rutuba. Hewa ya oksijeni huishia mita 100 hivi upande wa kaskazini. Maisha yote tuliyoyataja hapa yako kwenye utando huo mwembamba wa juu.

Je, wajua kwamba huhitaji tangi? Nenda ufuko wa Jakobsen asubuhi, kabla upepo haujaamka, na miwani ya kuzamia ya bei rahisi. Ingia mpaka kiunoni, penye mawe, utumbukize uso. Kaa kimya dakika tano ili wakuzoee. Tazama kivulini mwa jiwe kubwa: yule aliyesimama bila kukwangua mwani, mashavu yametuna, anatafunatafuna taratibu kana kwamba ana neno mdomoni, amebeba watoto.